Ile ya Sikioni Usiifanye

Asifiwe mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi: yaliyomo humu yabaki kati ya macho yako na karatasi hii. Usimsomee Mama Vumilia anayekusindikiza njiani, hata mkilala Kisoro na usingizi ukakataa. Usimwonyeshe Koko, hata kama ni bibi yako mzaa mama. Usiifiche ndani ya Biblia, kwa maana katika nyumba yake kule Butembo Biblia hufunguliwa na kila mtu. Ikunje mara nne, uirudishe katika mfuko wa ndani wa koti la bluu, ule niliokuambia juzi kwamba nimeushona kwa ajili ya karatasi za safari. Karatasi za safari anazo Mama Vumilia. Mfuko ule niliushonea barua hii, na wakati naushona nilikuwa sijaandika hata neno moja. Baba yako ni mtu wa kutayarisha bahasha kwanza, halafu kungoja kuona kama atapata moyo wa kuandika.

Sasa ni saa tisa alasiri. Mvua ni nyepesi, ile ambayo haipigi bati bali inalipapasa, na mawe meusi ya ukuta wa jirani yanang'aa kama samaki waliotoka majini sasa hivi. Uko kwa Mama Jolie unasukwa. Amesema kichwa chako kitamchukua hadi saa kumi na mbili, kwa hiyo nina saa tatu. Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya kusalimia wakubwa kwa mikono miwili sitayaandika. Unayajua, na Koko atakukumbusha mpaka uchoke.

Asubuhi uliniuliza swali. Ulikuwa unachovya mkate kwenye chai, ile sarafu yako ikitembea juu ya vidole vya mkono wa pili bila wewe kuitazama. Ukasema, ukiwaza Jumapili yako ya kwanza kwa Koko, "Papa, siku ya Mungu ya kwanza niwafanyie gani? Ile ya kupotea, ile ya meza, ao ile ya sikio?" Kabla sijameza, ukajijibu mwenyewe. "Ile ya sikio. Nitaifanyia Baraka. Bataipenda sana."

Nilisema tutaona. Nikasimama nikaenda kuosha kikombe changu, na wewe ukacheka, ukaniambia kikombe bado kina chai.

Ninakujibu sasa, mwanangu. Nisamehe kwa kuzunguka kwanza. Sijui kufika mahali kwa njia iliyonyooka.

Mji wetu wa Goma hauna sarafu. Umezaliwa humu, kwa hiyo hujawahi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Franga zetu ni noti, tena noti zilizochoka, laini kama kitambaa cha kufutia meza. Vyuma vinatoka ng'ambo: igiceri, sarafu ya Rwanda, iliyobaki mfukoni mwa mama anayerudi kutoka Gisenyi, shilingi iliyoanguka kutoka koti la dereva wa Uganda. Zikiingia kwetu ndani zinakuwa vitu visivyo na kazi. Muuza ndizi hazitaki. Fundi anazitoboa tundu katikati, azifungie bati. Nadhani ndiyo maana nilizipenda. Kitu ambacho hakuna anayekitaka ndicho pekee ninachoweza kukishika bila kuogopa kuulizwa nimekitoa wapi.

Aliyenifundisha alikuwa dereva wa Mombasa, Mzee Athmani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, wewe minne, na ofisi ilikuwa imenituma Bunagana kuandika karatasi za mizigo inayopita mpakani. Gari lake lilisimama pale siku kumi na moja kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa katika jina la mwenye mzigo. Kosa hilo sikulifanya mimi, lakini nililiogopa kama langu. Kila asubuhi nilipoona kofia yake dirishani nilijua leo ndiyo siku atakayonigombeza. Hakunigombeza. Alivuta kiti mbele ya meza yangu, akaweka shilingi juu ya fomu niliyokuwa nikiijaza, akaichukua kwa mkono wa kulia, akaitia katika wa kushoto, akaufunga.

"Karani, ipo wapi?"

Nikaonyesha mkono wa kushoto. Akaufungua polepole, kama mtu anayefungua dirisha asubuhi. Haukuwa na kitu.

Nilisogeza kiti nyuma, nikamwambia huo ni uchawi. Mzee yule alicheka hadi akakohoa.

"Uchawi hauna mazoezi, bwana mdogo. Shilingi hii nimeiangusha mara elfu. Hiki ni kiinimacho."

Neno hilo sikuwa nalifahamu. Nililiandika pembeni mwa daftari langu, kiinimacho, nikalitazama. Kiini cha yai, kiini cha jambo, kiini cha jicho. Mchezo unaokaa ndani ya jicho la anayetazama, wala si ndani ya mkono wala chini ya ardhi. Watu wa pwani wana neno lake peke yake. Sisi huku tunasema magie, na tunalisema kwa mambo mawili: lile tulilolifurahia shuleni siku ya sherehe, mwalimu akitoa leso ndani ya kofia, na lile linaloua watu. Neno moja kwa yote mawili. Shika hapo, nitarudi.

Siku kumi na moja alinifundisha. Alinifundisha kutazama ule mkono usio na kitu kama kweli una kitu, kwa sababu watu hutazama unakotazama wewe. Alinifundisha kwamba kiganja kikavu hakishiki na kiganja chenye jasho kinanata. Na alinipa sheria: mwenye kiinimacho hafungui mkono. Watu wakikuomba siri, wape chai. Niliishika sheria ile kwa mikono yote miwili. Mimi hupenda sheria, Asifiwe. Mtu mwoga akipata sheria huona amepata ukuta wa kuegemea.

Mama yako ndiye mtu pekee niliyeshindwa kumdanganya. Nilirudi kutoka Bunagana nikamfanyia ile ya kupotea mara nne, na mara nne akagusa mkono wenye sarafu, akicheka kwa ile sauti yake ya chini. Nilimuuliza anaionaje. Akasema mkono hautazami kabisa. "Minatazamaka sura yako. Ukianza kuogopa, najua iko wapi." Jioni zile za mwanzo, umeme ukikatika, tulikaa mlangoni. Kaskazini, juu ya Kibati, mawingu yalikuwa mekundu kwa moto wa mlima, na wewe ulikuwa umelala juu ya magoti yake, na sarafu ilikuwa ikipita kutoka kidole hadi kidole ikipata wekundu kidogo na kuupoteza. Nikiikumbuka picha hiyo sina hakika kama ilitokea mara nyingi au mara moja tu, nami nimeikunja na kuikunjua mpaka ikawa nyingi.

Basi nizungumze kwanza juu ya michezo yako, kama tunavyofanya siku zote, maana hapo siogopi.

Ile ya kupotea unaifanya vizuri, lakini inataka watu wakae mbele yako. Sebule ya Koko ina viti kuzunguka kuta zote nne. Popote utakaposimama, mtu atakuwa nyuma ya kiwiko chako, naye ataiona sarafu imelala katika mkono wa kulia kama mtoto aliyejifunika nusu. Tena Butembo kuna baridi. Mikono yako itakauka na kiganja kitakataa kushika. Ukiamua kuifanya, simama kwenye kona, mgongo ukutani, na uoshe mikono kwa maji ya moto kabla.

Ile ya meza, ya sarafu kupenya ubao, ni nzuri kwa sikio kuliko kwa jicho. Raha yake ni ule mlio wa chuma juu ya mti. Sasa meza ya Koko ina kile kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kukiondoa isipokuwa siku ya msiba. Juu ya kitambaa sarafu haina sauti. Na lazima uketi, uvae kitenge kilichokazwa magotini ili kiipokee inapoanguka. Ukivaa suruali itapita katikati na kulia sakafuni, na Baraka ataipigia kelele kabla ya wewe kupumua.

Ipo ya nne ambayo hukuitaja. Ile ya kuvuka, ya sarafu mbili, kila kiganja moja, unavigeuza viganja pamoja juu ya meza, ukiinua mkono mmoja hauna kitu na mwingine una mbili. Mwaka jana ulisema ni ya watoto. Ni kweli ni rahisi, ni wepesi tu wa kifundo. Nitaisema tena.

Na ile ya sikio.

Ile ya sikio unaifanya vizuri kuliko mimi. Mkono wako mdogo unapita karibu na shavu la mtu kama unaondoa unyoya, halafu chuma kinatokea, na uso wa mtu unafunguka. Najua kwa nini unaipenda. Umeniambia mara nyingi. Unasema unakumbuka siku za msiba wa mama yako, kwamba ulikuwa umekaa chini ya meza ya Koko, umekataa kula, na mimi nikapiga magoti nikakutolea sarafu sikioni, na ukacheka. Unasema ndiyo kumbukumbu yako ya kwanza iliyo nzima. Halafu unasema baada yake kulikuwa na ile likizo ya nyimbo, ulipolala siku tatu kwenye nyumba ya maombi pamoja na mama wengi, na walikuimbia usiku na mchana, na walikupaka mafuta. Darasa la tatu uliichora. Nyumba ya rangi ya machungwa, wanawake wenye midomo wazi, na wewe katikati, mkubwa kuliko wote.

Nimeuhifadhi mchoro ule. Sikuwahi kukuambia kilichokuwa nje ya mchoro.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa tumemzika mama yako, Kahindo, siku mbili kabla. Mimi nilikuwa mkwe aliyetoka upande wa Rutshuru, niliyesema Kinande kama mtoto anayejifunza kutembea, niliyemchukua binti yao akiwa mzima na kumrudisha ndani ya sanduku. Hakuna aliyenitukana. Koko aliniambia, "Mukwe, kula," na sikuweza kula. Nilikuona chini ya meza. Mfukoni nilikuwa na shilingi ya Uganda, ile yenye picha ya samaki. Nilipiga magoti, nikaitoa sikioni mwako, ukacheka, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilihisi kwamba ninaweza kuvuta hewa hadi chini.

Sikutazama nani alikuwa mlangoni. Alikuwa tantine Kanyere, mke wa mjomba wako, amembeba Baraka mgongoni.

Usimchukie, Asifiwe. Nasema hivi mapema kwa makusudi. Alikuwa binti wa shambani, kutoka kule milimani ambako hata shilingi za Uganda hazifiki. Baraka alikuwa na mwaka mmoja, na kabla yake alikuwa amezika wawili. Usiku ule Baraka akashikwa na homa. Asubuhi akakuuliza, kwa upole, kile chuma kilitoka wapi. Na wewe ukamjibu kwa furaha, mbele ya mama wote waliokuwa wakichambua maharagwe: "Papa anafanyaka magie. Byuma binatoka mu kichwa yangu."

Nilikuwa uani. Nilisikia mikono ikisimama katika maharagwe. Hujui ni sauti gani hiyo, mikono kumi ikiacha kuchambua kwa wakati mmoja.

Tantine Kanyere alisema polepole, kama mtu anayehesabu dawa. "Chuma ya samaki. Samaki njo nini? Batu ba ku ziwa, mambo yao iko chini ya maji." Mama mwingine akasema mtoto amezaliwa Goma, kando ya maji, mama yake amekufa kijana, na sasa mtoto wa nyumba anachomeka kwa homa. Hakuna aliyetamka lile neno. Halikuhitajika. Lilikuwa limeshakaa pale kama mgeni aliyepewa kiti.

Mama wa maombi alikuja mchana. Alikuwa mpole, alikushika mkono na wewe ukamfuata ukirukaruka. Akaniambia, "Papa Asifiwe, utuachie mutoto. Ni siku tatu tu. Hakuna kula, anakunywa maji tu, magaribi jua likizama, basi." Nikasema, "Aksanti, mama." Nilimshukuru. Nataka ujue neno nililolisema, ni hilo.

Hapo ndipo nilipopaswa kuingiza mkono mfukoni. Kazi ya dakika moja. Kuwaita wote, kuwaonyesha mkono wa kulia, kuwaonyesha vidole, kusema tazameni, ilikuwa hapa, mtoto hana kitu kichwani isipokuwa nywele. Jibu lote lilikuwa mfukoni mwangu, lina uzito wa kijiko cha chumvi.

Niliogopa nini? Nimejiuliza miaka sita na nimeandika majibu mengi, ila la kweli ni hili. Niliogopa kwamba wakijua magie ni yangu, watasema Kahindo alikufa kwa mkono wangu. Mkono uliojua kupoteza vitu. Watanifukuza bila wewe, au hawataishia kunifukuza. Kwa hiyo nilimwacha mtoto wa miaka sita abebe kilichokuwa changu, kwa kuwa alikuwa mdogo na hakujua kwamba anakibeba. Na nilijiambia, usicheke, kwamba ni sheria. Mwenye kiinimacho hafungui mkono.

Nilikaa nje ya chumba kile cha maombi siku tatu, juu ya tofali, chini ya mikalatusi. Ukungu wa Butembo ulikuwa ukishuka asubuhi ukameza paa, ukaacha nyimbo tu, kiasi kwamba ilionekana kama nyimbo zinatoka ndani ya wingu na wewe umo ndani ya wingu, umesafiri na mama yako, na mimi ndiye niliyeachwa. Kuna wakati nilisinzia nikaona sarafu inaanguka bila kufika chini. Nilisikia sauti yako mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unaimba nao. Mara ya pili, siku ya tatu, uliomba mkate. Uliomba kwa adabu, kama ninavyokufundisha, ukasema tafazali. Nikashika sarafu mfukoni hadi ikapata joto la damu, na sikusimama.

Jioni ile homa ya Baraka ilishuka. Watu walifurahi, walikutoa ukiwa umepakwa mafuta, mwembamba, unatabasamu, na wakasema maombi yamejibiwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kuliko wote, kwa sababu sikuhitaji tena kusema. Njiani kurudi Goma uliniuliza kama tutakwenda tena kuimba. Ulikula ndizi saba. Nilizihesabu.

Hiyo ndiyo sababu, kila tulipoalikwa, nilikuwa na kazi nyingi ofisini. Sasa njia zimefungika kwa vita namna hii, shule yako inafunguliwa na kufungwa kama mwavuli, na Koko ameita, na sina sababu ya kukuzuia iliyo safi. Huko una kitanda na shule inayofundisha kila siku. Siwezi kukunyima hayo kwa kuficha aibu yangu. Ila utaingia nyumba ileile, utakaa sebule ileile, na ukinyoosha mkono kwenye sikio la Baraka, yule mtoto wa homa, ukamtolea chuma mbele ya mama yake, tantine Kanyere hataona mchezo. Ataona kwamba kile kitu hakikuondoka. Ataona kimekua, kimefika darasa la saba, na sasa kimemgusa mwanawe.

Mtoto wa miaka sita walimwimbia. Msichana wa miaka kumi na miwili sijui watamfanyia nini, na sitaki kuandika ninachofikiri.

Ile ya sikio usiifanye. Si siku ya kwanza, si kwa utani, si kwa mtoto wa jirani. Najua ninakunyang'anya kitu. Kumbukumbu yako moja iliyo nzima nimeichukua na kukurudishia iliyovunjika, tena siku moja kabla ya safari, nikiwa nimejificha nyuma ya karatasi. Ukinikasirikia utakuwa na haki, na usiharakishe kuacha.

Uliniuliza niwafanyie gani, na mimi naona uchaguzi wa mchezo si ugumu wake wala uzuri wake. Uliza kitu kitatokea wapi, na nani atakuwa na hofu kikitokea. Sarafu ya sikioni inaanza katika mwili wa mtu mwingine. Ile ya kupotea inaisha mahali ambapo watu hawapajui, na kuna nyumba ambazo kitu kikipotea watu hawacheki, wanafunga mlango. Ile ya kuvuka inaanza mezani mbele ya wote, sarafu mbili, na inaisha mezani, sarafu mbili. Hakuna kilichozaliwa na hakuna kilichokufa. Kimehama tu mkono, kama mtu aliyehama mji.

Fanya hiyo. Ondoa kitambaa cha Koko kwa ruhusa yake, na acha mlio usikike. Halafu, Baraka atakapokuomba siri, na ataomba, vunja sheria ya Mzee Athmani. Mfundishe pale pale, mbele ya mama yake. Kwanza ataziangusha. Zitaviringika chini ya viti, watu wote watainama kuzitafuta, na itakuwa vigumu kumwogopa mtu uliyeinama naye kutafuta chuma chini ya kiti. Nadhani siri huwekwa kwa ajili ya kumfurahisha anayetazama. Siku anapoacha kufurahi na kuanza kutetemeka, siri haina kazi tena, na anayeendelea kuishika ameshika kitu kingine. Mimi nilikuwa nimeshika ngozi yangu.

Na usiite magie. Sema kiinimacho. Hawatalijua neno, watakuuliza maana yake, na kule kueleza kwenyewe ni ulinzi.

Najua unataka kuniuliza kwa nini simpigii Koko simu leo nikayasema yote. Nilijaribu jana. Aliitika, akasema, "Mukwe, mutoto anafika lini, nimemupikia kitanda," akacheka kwa kosa lake, alitaka kusema ametandika kitanda. Nikacheka naye, nikakata. Sijafika hapo bado. Sikuandikii kama mtu aliyekwisha kupona.

Mvua imekatika. Namsikia Mama Jolie akikutania hadi hapa, anasema mtu mwenye shingo ngumu namna hii aolewe na fundi. Nina muda wa kukuambia namna ya kunipata, halafu nifunge.

Usipige ile namba ya ofisini, bosi ndiye anayepokea na anapenda kuuliza maswali. Piga hii ndogo ambayo unaijua kwa kichwa. Siku za kawaida, piga saa saba, ninapotoka kula. Nitasogea nyuma ya ghala ambako mtandao ni mzuri na hakuna anayesikiliza. Mtandao ukikosekana, Mama Vumilia hupita Butembo kila baada ya wiki mbili. Mwachie karatasi iliyofungwa, ameniahidi hataifungua na ni mtu anayeshika ahadi. Akikosekana naye, nenda parokiani kwa sekretari, mwambie unataka kumsalimu baba yako. Wana redio ya kuongea na parokia ya huku, na ujumbe utanifikia jioni.

Lakini mtu yeyote akikutazama kwa lile jicho, au mikono ikisimama katika maharagwe unapoingia, usingoje saa saba. Piga saa yoyote. Azima simu ya mpita njia. Huna haja ya kueleza. Sema tu, "Papa, kuja," kisha kata. Nitatoka hapa saa ileile, bila ruhusa ya ofisi, kupitia Bunagana, Kisoro, Kasindi, siku mbili, tatu ikiwa mpaka umefungwa. Wakikupeleka katika chumba kile kabla sijafika, kaa karibu na mlango. Unafunguka kuelekea nje na hauna kufuli, una jiwe tu walilouegemeza kwa nje. Niliutazama siku tatu, najua hata mahali pa kuusukuma: chini, penye jiwe.

Papa wako